Mtu Yule Yule: Mazungumzo Kuhusu Kubadili Jina Kisheria

 Mada ya mazungumzo haya ni kubadili jina kisheria, nayo yafaa ianzie Akheri, huku Meru karibu na Arusha, kwa kuwa mahali hapo pana majina mawili katika maandishi. Zipo nyaraka zinazoandika Akheri kwa herufi ya h, na zipo zinazoandika Akeri bila h, na ni tahajia hiyo ya pili inayokutwa zaidi katika vitabu vya historia vinapoeleza habari za wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliouawa hapo Oktoba 1896. Hakuna mkazi aliyewahi kupotea njia kwa sababu ya herufi hiyo moja. Lakini mkazi huyo huyo akiwa na h kwenye cheti chake cha kuzaliwa, kisha akaikosa kwenye kitambulisho cha taifa, atagundua siku moja kwamba mbele ya dirisha la ofisi yeye ni watu wawili.

Hoja ya mazungumzo haya itatajwa mapema na kurudiwa, kwa kuwa redio haina ukurasa ambao msikilizaji angeweza kuufunua nyuma. Hoja ni hii: hati ya kisheria ya kubadili jina haiui jina la zamani, bali inathibitisha kwamba mwenye jina la zamani na mwenye jina jipya ni mtu yule yule. Anayeielewa hati hiyo kama jembe la kuzikia jina atapata taabu, na anayeielewa kama daraja atajua aitumie wapi na wapi haitamfikisha.

Je, mtu wa Meru hupataje majina mengi kiasi cha kuhitaji daraja? Katika kaya nyingi za mlimani mtoto hupewa jina la nyumbani, ambalo mara nyingi ni la babu au bibi, ili yule aliyetangulia aendelee kuitwa uani. Baadaye hupelekwa kanisani, na huko hupewa jina la ubatizo. Eneo hili lililelewa na Ulutheri, hasa tangu misheni ya Nkoaranga ilipoanzishwa mwaka 1902, na majina ya ubatizo ya upande huu wa kaskazini yana sura yake: Elibariki, Elirehema, Elifuraha, Eliamani. Ndani ya majina hayo kipande cha mwanzo, Eli, ni neno la Kiebrania lenye maana ya Mungu, na kilichobaki ni Kiswahili kinachofahamika na kila mtu. Kwa majirani wa Kilimanjaro kuna Aikaeli, ambalo limeunganisha neno la Kichaga la kushukuru, aika, na jina hilo hilo la Mungu. Majina haya ni ya kienyeji na ya Biblia kwa wakati mmoja, na ni makosa kuyaita ya kizungu, ingawa mtu anayetaka kuacha jina la ubatizo husikika wakati mwingine akisema hivyo.

Juu ya majina hayo mawili huja jina la ukoo. Wameru ni watu wa koo, na koo hizo ndizo zinazofunga majina yao ya mwisho: Kaaya, Mbise, Nnko, Pallangyo, Nanyaro, Ayo, Akyoo, Sarakikya, Urio, Issangya na nyinginezo. Jambo linalofuata ni rahisi kulielewa kwa yeyote aliyewahi kukaa darasani Akheri, kwamba mwalimu akiita Pallangyo, wanafunzi sita wanaweza kusimama kwa mpigo. Kwa sababu hiyo jina la kati, ambalo kwa desturi ya Tanzania ni la baba, hubeba mzigo mkubwa wa kumtofautisha mtu na mwenzake. Na hapo ndipo mkanganyiko unapoingia, kwa sababu baba naye ana jina la nyumbani na la ubatizo. Kaka akaandikishwa shule kwa jina la ubatizo la baba, dada akaandikishwa kwa jina la baba la nyumbani, na miaka ishirini baadaye watoto wa baba mmoja na mama mmoja wanaonekana kwenye karatasi kama watoto wa wanaume wawili.

Tahajia nayo ina lake. Jina Pallangyo huandikwa kwa l mbili na wengi wa ukoo huo, lakini mwandishi aliyezaliwa Nkoaranga mwaka 1939, ambaye riwaya yake ya Kiingereza, Dying in the Sun, ilitolewa mwaka 1968, anasomeka kwenye jalada kama Peter Palangyo, kwa l moja. Hata mtu aliyeifanya Meru isikike duniani hakuepuka jambo hili. Mwaka 1952, baada ya familia za Wameru kuondolewa kwa nguvu Ngare Nanyuki mwaka uliotangulia ili ardhi yao wapewe walowezi wa kizungu, Wameru walimtuma mjumbe wao hadi Umoja wa Mataifa, New York, akaeleze madai yao. Katika baadhi ya maandishi mjumbe huyo anaitwa Japhet Kirilo, na katika mengine, ikiwemo kitabu alichokiandika pamoja na wakili Earle Seaton kuhusu kesi hiyo ya ardhi, anaitwa Kirilo Japhet. Dunia ilimsikiliza bila kujali jina lipi linatangulia. Leo angekataliwa laini ya simu.

Maneno hayo ya mwisho yana utani ndani yake, lakini si utani mtupu. Kwa miongo mingi mtu wa Akheri aliweza kuwa na jina moja kanisani, jingine kwenye chama cha ushirika cha kahawa na jingine kwa majirani, na kila mahali palikuwa na mtu anayemjua kwa sura. Kilichobadilika ni kwamba kazi ya kumjua mtu imehamishwa kutoka kwa mjumbe wa nyumba kumi na kukabidhiwa kompyuta. Sheria ya Usajili na Utambuzi wa Watu ilitungwa mwaka 1986, ingawa mamlaka ya kuitekeleza kwa vitambulisho, yaani NIDA, iliundwa mwaka 2008. Kisha kati ya Mei 2019 na Januari 2020 ikaja zamu ya simu, ambapo kila laini ilitakiwa kusajiliwa upya kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Tangu hapo jina la NIDA limekuwa jina la simu, na jina la simu limekuwa jina la fedha.

Msikilizaji anayetaka kuona jambo hili kwa karibu na apite soko la Tengeru siku ya Jumatano au Jumamosi. Mnunuzi amechagua mkungu wa ndizi, bei imekubaliwa, anaandika namba ya muuzaji kwenye simu, na kabla ya kuingiza namba ya siri jina linajitokeza kwenye kioo. Mnunuzi anasita na kuuliza: jina ni la nani hili? Kwa miaka yote amemfahamu muuzaji kama Mama Elibariki, na kioo kinaonyesha majina matatu ambayo hakuwahi kuyasikia, la kwanza likiwa ni la bibi mzaa baba. Muuzaji anacheka na kusema ni yeye, atume tu. Biashara inaendelea kwa sababu mashahidi wamejaa pale pale, tangu muuza nyanya wa jirani hadi kijana wa mkokoteni. Benki na bodi ya mikopo hazina muuza nyanya wa kuuliza, na hati za kisheria zimewekwa ili zisimame mahali pa shahidi huyo.

Sasa, jina ni nini mbele ya sheria? Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza ilipokea misingi ya sheria za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na katika mapokeo hayo jina la mtu ni lile analojulikana nalo, na mtu mzima yuko huru kulibadili alimradi hakusudii kumlaghai yeyote. Fikra hiyo haiko mbali na ile ya Meru, ambako jina ni lile linaloitikiwa. Tofauti iko kwenye ushahidi, kwa kuwa serikali inahitaji karatasi inayoonyesha ni lini mtu aliacha kuitikia jina moja akaanza kuitikia jingine.

Karatasi za namna hiyo ni mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi ambayo mtu anayatoa kwa kuapa mbele ya kamishna wa viapo, ambaye kwa kawaida ni wakili, au mbele ya hakimu. Hati hii hutumika pale ambapo mtu hakubadili jina lolote ila maandishi yamemwandika kwa namna tofauti: cheti kimoja kina Nnko na kingine kina Nko, au jina la kati limeandikwa kwa herufi ya kwanza tu. Anachokiapa ni kwamba majina hayo yote ni yake. Kiapo si mchezo, kwani anayeapa uongo ametenda kosa la jinai, hata kama karatasi yenyewe iliandikwa kwa dakika kumi kwenye meza iliyo barazani.

Karatasi ya pili ndiyo hati ya kubadili jina, ambayo mawakili na makarani wameendelea kuiita kwa jina lake la Kiingereza, deed poll. Jina hilo lina historia ya kupendeza. Zamani huko Uingereza mkataba wa watu wawili uliandikwa mara mbili kwenye ngozi moja, kisha ngozi ikakatwa katikati kwa mikato ya meno kama ya msumeno, ili siku ya ugomvi vipande viwili vikiletwa pamoja meno yaingiliane na ukweli ujulikane. Lakini hati ya mtu mmoja, anayejifunga mwenyewe bila mwenzake, haikuwa na kipande cha pili cha kulingana nacho, hivyo ukingo wake ulikatwa ukawa nyoofu, kama kichwa kilichonyolewa. Neno poll linatokana na kunyoa huko. Kwa hiyo hati ya kubadili jina ni tamko la upande mmoja, ambalo mtu analitoa kwa dunia nzima bila kuhitaji ridhaa ya ukoo, ya mchungaji wala ya mume.

Ndani ya hati kuna nini? Mhusika hutajwa kwa jina lake la zamani, uraia wake na mahali anapoishi. Halafu hutamka kwamba ameacha kulitumia jina hilo na amechukua jina jipya, kwamba kuanzia siku hiyo atatia saini nyaraka zake zote kwa jina hilo jipya, na kwamba anawataka watu wote wamwite hivyo. Mwishoni, katika mtindo uliozoeleka wa hati hizi, huja sehemu ambayo inastahili kutazamwa kuliko nyingine zote. Mhusika husaini kwa jina la zamani na kwa jina jipya, mkono mmoja, kalamu moja, shahidi mmoja akiangalia. Saini hizo mbili zilizokaa jirani ndizo hati yenyewe, na maneno mengine yote ni maelezo tu. Hapo msikilizaji ataiona ile hoja iliyotajwa mwanzoni, kwamba jina la zamani halifutwi, bali hushikishwa mkono na jipya mbele ya shahidi.

Baada ya kutiwa saini, hati husajiliwa kwa Msajili wa Hati chini ya Sheria ya Usajili wa Nyaraka, Sura ya 117, na tangazo lake hutolewa kwenye Gazeti la Serikali, ambalo ni jarida rasmi la matangazo ya kisheria na halifanani na magazeti ya kawaida yanayouzwa stendi. Wengi hushangaa wanapoambiwa kwamba Msajili huyo yuko chini ya wizara ya ardhi. Jina na ardhi vinahusiana vipi? Jibu la kiofisi ni kwamba ofisi inayotunza hatimiliki ndiyo iliyopewa pia kazi ya kutunza hati nyingine. Hata hivyo, mzee wa Meru hawezi kuona ajabu hapo. Kihamba, yaani shamba la familia la migomba na kahawa linalorithiwa, hujulikana kwa jina la aliyekilima, na mgogoro wa mpaka huanza kwa swali la nani ni mtoto wa nani.

Hati ikishasajiliwa, mhusika huanza safari ya kuipeleka kila mahali jina lake lilipo: NIDA, Uhamiaji kwa ajili ya pasipoti, benki, mamlaka ya mapato, mwajiri, mfuko wa pensheni. Safari hiyo haimalizwi na ofisi moja kwa niaba ya nyingine, na kuna haja ya kulirudia hilo kwa msisitizo. Msajili hataipigia benki simu. Aliyebadilisha kitambulisho cha taifa akaiacha akaunti ya benki kwenye jina la zamani ametengeneza upya tatizo lile lile alilolipa wakili ili alimalize.

Zipo pia karatasi ambazo hati hii haizibadilishi. Cheti cha mtihani ni kumbukumbu ya tukio: siku fulani, katika kituo fulani, mtahiniwa mwenye jina fulani alifanya mtihani na akapata alama fulani. Baraza la Mitihani la Tanzania halibadili jina la mtahiniwa kwenye cheti kwa sababu tu mwenyewe amelibadili baadaye, kwa hiyo cheti hubaki na jina la zamani na hati huambatanishwa nacho. Nchini Kenya Mahakama Kuu ilifuata njia tofauti mwaka 2014, ilipoliamuru Baraza la Mitihani la huko kubadili jina katika cheti cha kidato cha nne cha mtu aliyekuwa amebadili jina kisheria, nayo ilikuwa hukumu iliyojadiliwa sana. Utaratibu wa Tanzania una mantiki yake, maana historia haiandikwi upya, ingawa unamwachia mtu mzigo wa kueleza jina lake la zamani katika kila usaili wa kazi, na wapo ambao hawana hamu ya kulieleza.

Hapa mazungumzo yanafika mahali pazito zaidi, ambapo wengi walio kimya wanasikiliza kwa makini kuliko wengine. Katika miaka ambayo nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno, mtoto aliyefanya mtihani wa darasa la saba asichaguliwe alikuwa na njia moja isiyo rasmi, nayo ni kurudia darasa. Kurudia kulikatazwa, na kwa hiyo kulifanyika kwa jina la mtu mwingine, mara nyingi jina la mwanafunzi mtoro aliyeacha shule lakini bado yumo kwenye rejista. Mwalimu alijua, wazazi walijua, na kijana aliondoka kwenda sekondari akiwa ameacha jina lake nyumbani kama mtu anavyoacha koti. Akasoma kwa jina hilo, akaajiriwa kwa jina hilo, akafunga ndoa kanisani kwa jina la ubatizo, na mama yake mzazi akaendelea kumwita kwa lile la kwanza. Jambo hili lilitokea nchi nzima, na katika vijiji vya mlimani, ambako elimu ilitafutwa kwa udi na uvumba, halikuwa geni.

Mwaka 2017 serikali ilihakiki vyeti vya watumishi wa umma. Taarifa iliyokabidhiwa kwa Rais Magufuli mjini Dodoma mwezi Aprili ilitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na pamoja nao ikataja vyeti 1,538 ambavyo vilikuwa vikitumiwa na watumishi 3,076. Msikilizaji atafakari namba hizo za mwisho: ni wastani wa watu wawili kwa kila cheti. Mmoja ndiye mwenye jina, na mwingine ndiye aliyeliazima. Katika kundi lililotikiswa na uhakiki huo walikuwamo matapeli halisi, na pia watu waliokaa kwenye dawati kwa miaka yote, ambao maarifa yao yalikuwa yao lakini jina halikuwa lao.

Je, hati ya kubadili jina ingewasaidia hao? Swali hili huulizwa mara nyingi, na jibu lake ni hapana, na sababu yake inarudi kwenye ile hoja. Hati inathibitisha kwamba mtu mmoja amekuwa na majina mawili. Mrudiaji wa darasa ana tatizo lililogeuka: jina moja limekuwa na watu wawili. Mtu anaweza kutamka kwa hati kwamba kuanzia leo ataitwa jina la fulani, na hilo litakubalika, lakini tamko hilo haliwezi kurudi nyuma likakifanya cheti cha fulani kiwe chake, kwa sababu fulani yupo, ana mama yake, na pengine anaishi kijiji cha pili. Haifai kuwahukumu kwa urahisi watoto wa miaka kumi na nne ambao watu wazima waliwapangia maisha kwa wino wa rejista. Wala haifai kuwadanganya kwamba wakili yeyote anaweza kuinyoosha hali hiyo kwa karatasi moja.

Kuhusu wanawake, neno moja linatosha kuondoa dhana iliyozoeleka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimlazimishi mwanamke kuchukua jina la mumewe. Wanaochukua huwa wamechagua, na mwanamke wa Kimeru aliyezaliwa Mbise akaolewa na mtu wa Kaaya anaweza kubaki Mbise hadi mwisho, kama ilivyo kwa wanawake wa Kiislamu wa pwani na Zanzibar wanaobaki na majina ya baba zao. Anayeamua kuchukua jina la mume afanye hivyo katika nyaraka zake zote, kwa kuwa ugumu wa kurudi nyuma huonekana ndoa inapovunjika.

Wapo wanaobadili jina kwa sababu ya dini, wapo wanaoacha jina la aibu walilopewa wakiwa wachanga, na wapo wanaorudi kwenye jina la babu. Sheria haiulizi sana sababu. Wala kubadilishwa jina si jambo lililoletwa na mawakili: Mwalimu Nyerere mwenyewe, kwa mujibu wa simulizi za kwao, aliitwa kwanza Mugendi, kisha akapewa Kambarage kwa jina la mzimu wa mvua, na Julius likaja alipobatizwa mwaka 1943. Hata nchi yenyewe iliishi miezi kadhaa ya mwaka 1964 ikiitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, kabla ya kupewa, mwezi Oktoba, jina la Tanzania. Mikataba iliyosainiwa kwa jina la mwanzo haikufa kwa sababu hiyo.

Kwa upande wa watoto, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema kwamba mtoto ana haki ya jina. Haki hiyo huanza kutimizwa au kuharibiwa siku mzazi anapojaza fomu ya cheti cha kuzaliwa kinachotolewa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Mzazi aliyeketi na karani dirishani na aliangalie jina herufi kwa herufi kabla halijapigwa muhuri, alilinganishe na kadi ya kliniki na cheti cha ubatizo, na amkatalie karani kwa upole anapofupisha. Kosa la herufi likipita hapo, halitamuumiza mtoto akiwa darasa la kwanza. Litamngoja hadi siku anapoomba mkopo wa chuo kikuu, ambapo cheti cha kuzaliwa huhakikiwa na majina hulinganishwa na yale ya cheti cha kidato cha nne, naye atakuwa amebakiwa na siku chache kabla ya dirisha la maombi kufungwa. Wakati huo ndipo familia hukimbilia kiapo, na kiapo cha haraka ndicho chenye makosa mapya ya herufi.

Kuna hali moja ambayo mwenye jina hawezi tena kusaini lolote, nayo ni mirathi. Mzee amefariki, shamba linajulikana kwa jina lake la nyumbani, akaunti ya benki iko kwa jina la ubatizo, na malipo ya kahawa yaliandikwa kwa jina la ukoo na herufi mbili mbele yake. Wanandugu hukaa kikao cha ukoo, wakaandika muhtasari, wakachukua barua ya mtendaji wa kijiji na kwenda Mahakama ya Mwanzo kuomba msimamizi wa mirathi ateuliwe, na huko hutakiwa kuonyesha kwamba marehemu huyu ndiye yule. Kazi ambayo marehemu angeimaliza kwa saini mbili sasa inahitaji watu wengi wa kuapa, na wale waliomjua tangu utoto wanazidi kupungua.

Kabla ya hayo yote huwa kuna siku ya mazishi yenyewe, kihambani, chini ya migomba. Fundi wa msalaba anasimama na brashi yake ya rangi nyeusi na kuuliza aandike jina gani, na wanandugu wanamjibu kwa pamoja, majina mawili tofauti.